Kichwa hakimuumi, kwa hiyo sio uvimbe? Jamani!

Nimeambiwa tena: "Dokta haiwezi kuwa uvimbe wa ubongo, mbona kichwa hakimuumi?" Na mgonjwa ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kaanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani mwake, ndugu wakaanza na kutoa majini kwanza ndo wakaja hospitali.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu, ndo maana kuna operesheni tunafanya mgonjwa yuko macho anaongea na sisi. Kinachouma ni utando na mishipa, au presha ikipanda ndani ya fuvu, kwa hiyo uvimbe unaokua polepole unaweza kukaa kimya miaka. Na wewe ambaye kichwa kinakuuma tu tangu sekondari, yaelekea ni kipandauso, tulia. Kichwa kikiuma kwa namna mpya, kikazidi kila wiki, alfajiri ndo balaa na unatapika, hapo njoo.

Dalili zinafuata mahali uvimbe ulipokaa. Mkono mmoja unalegea, maneno yanapotea, mzee mpole anaanza kutukana wakwe watu wanasema uzee. Mwenye uvimbe wa pituitari, tezi ndogo ya homoni chini ya ubongo, anagonga fremu za milango maana haoni pembeni, ameshabadilisha miwani weee. Mwanamke anatoka maziwa hana mimba na hedhi imekata, uvimbe unaweza kuwa wa tezi hiyohiyo, na mara nyingi huyo dawa yake ni vidonge vya cabergoline tu, wala hatumpasui.

Sasa linalonichosha kabisa ni dexa (deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa maji). Tunamchoma dexa, siku mbili tatu kaamka, anakula, anacheka na wajukuu, ndugu wanasema kapona wanaomba ruhusa. Hajapona! Dexa imepunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, uvimbe wenyewe upo palepale, dawa ikiisha mtarudi naye kwenye machela.

Halafu "ana miezi mingapi?" Kabla ya majibu ya kile kipande cha uvimbe tulichokata kupima sijui, na anayejibu kwa kuangalia picha tu anabahatisha. Meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, ikiwa gredi 1, yaani ile ya upole, na ikitoka yote wengi wanaendelea na maisha yao. Glioblastoma, kansa kali ya ubongo, hata na upasuaji, mionzi na vidonge vya kansa vya temozolomide, wengi wanapata mwaka mmoja na miezi kadhaa. Na "sio kansa" haimaanishi shwari, kitu kidogo kikiwa kwenye shina la ubongo kinaua vilevile.

Glioma gredi 2, uvimbe wa ubongo wenyewe unaokua polepole, ndo zinaninyima usingizi. Zinatulia miaka halafu zinabadilika, lini hakuna picha inayoniambia, na sisi wenyewe tunabishana nani aanze mionzi mapema. Kwa hiyo nikikwambia rudi baada ya miezi kadhaa tupige MRI nyingine sikufichi kitu, ndo nilichonacho.