Kuwavisha Ndege Pete Majira ya Baridi: Macho Peke Yake Hayatoshi

Ukiwaona chiriku kumi wakidonoa mbegu bustanini siku ya baridi, usidhani ni hao hao kumi kutwa nzima. Wakishavishwa pete ndogo ya alama mguuni, mara nyingi hubainika kuwa wanakuja kwa zamu: wa asubuhi sio wa adhuhuri, na jumla yao inaweza kuwa mara kadhaa ya ile uliyoandika daftarini. Bila alama huwezi kuwatofautisha, hata ukiwa na darubini ya bei mbaya.

Kazi hii ilipata mfumo wa kisayansi mwaka 1899 mjini Viborg, Denmark, mwalimu Hans Christian Mortensen alipowavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anwani. Anwani ndiyo iliyoleta tija, kwani aliyemwokota ndege alijua pa kupeleka habari. Mei 1911 mbayuwayu alivishwa pete Staffordshire, Uingereza; Desemba 1912 akakamatwa Natal, Afrika Kusini.

Baridi inapoingia, mbayuwayu hao huwa wameshaondoka, lakini wageni wengine huingia. Kundi la kwezi utakaloliona Uingereza mwezi Januari lina wazaliwa wa pale pale pamoja na waliotoka Skandinavia, nchi za Baltiki na Urusi. Kwa macho, wote ni kwezi tu.

Ndege hunaswa kwa wavu wa nyuzi nyembamba mno, uliotandazwa kati ya nguzo mbili. Akiugonga, huangukia kwenye mkunjo wa wavu wenyewe na kutulia humo. Wavu hukaguliwa kila baada ya muda mfupi. Mvua, upepo au baridi kali ikija, hukunjwa hata kama ndege ni tele. Mvishaji humshika shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, akabana pete mguuni kwa koleo maalumu, akapima bawa, kisha akampuliza kifuani. Watazamaji hucheka hapo, nami napenda wanavyonyamaza pale manyoya yanapoachana na mafuta ya manjano kuonekana chini ya ngozi, kwenye kishimo cha koo. Hiyo ni akiba ya usiku. Ndege mdogo anaweza kupoteza takribani asilimia 10 ya uzito wake katika usiku mmoja wa baridi, kwa hiyo kumchelewesha mkononi jua likikaribia kuzama ni kumnyima chakula cha kumfikisha asubuhi.

Kukamata ndege kunahitaji mafunzo marefu na, katika nchi nyingi, kibali. Kutazama hakuhitaji. Ukiona pete za rangi, andika rangi zenyewe, mpangilio wake kutoka juu kwenda chini, na mguu uliovishwa, wa kulia au wa kushoto. Bila mpangilio, taarifa haisaidii sana. Ukiokota ndege aliyekufa akiwa na pete, nakili namba, mahali na tarehe, uzipeleke kwenye anwani iliyochorwa juu yake. Aliye hai mwache na pete yake.