Mashine ya polishi umeshapata, sasa hela iliyobaki usiimalizie kwenye dawa

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza ni hili, "kaka, dawa gani kali ya kutoa mikwaruzo kwenye rangi ya gari?" Mashine anayo au yuko mbioni kuinunua, na hela yote iliyobaki anataka aimalizie kwenye chupa tatu nne za dawa tofauti, halafu kazi anaenda kuifanya na ile pedi moja iliyokuja kwenye boksi. Mimi hii kazi ndo inanilisha hapa Mwanza na jibu langu huwa ni lile lile: dawa moja, zikizidi mbili, hela nyingine weka kwenye pedi na taulo, kwa sababu vitu vinavyoigusa rangi ya gari la watu ni hivyo.

Mashine nitaongea kidogo tu. Anza na DA, ile ambayo pedi inazunguka huku inacheza pembeni, mchezo wa milimita 15 unatosha kabisa kwa mtu anayeanza. Rotari, ile inayozunguka tu bila kucheza pembeni, inakata haraka lakini inachoma haraka pia, hiyo utaifikia baadaye. Na grenda ya kukatia vyuma siyo mashine ya polishi hata kama pedi imefunga vizuri kwenye nati yake, na mara nyingi inafunga kweli, ndo hatari yenyewe hiyo: grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika wakati rotari ya polishi unaichezesha kati ya 600 na 3,000 tu. Nimeona boneti imechomwa mpaka praima, ile rangi ya chini kabisa, kwa sekunde chache. Ukikuta mashine ya mtumba kutoka Japani angalia kibandiko cha umeme kwanza, kule wanatumia volti 100 na sisi huku 230, ukiichomeka moja kwa moja bila transfoma umeiua.

Sasa pedi. Pima sahani inayoishika pedi kwa velkro, nyingi za DA ni inchi 5, pedi yake iwe imezidi kidogo, inchi 5 na nusu hivi, ili ukingo wa sahani usije ukagusa rangi ukikosea pembe. Usinunue rangi zote za dukani, nyekundu, njano, nyeusi, bluu, moja moja, hiyo ndo seti wanayopenda kuuziwa watu na haikusaidii (na hizo rangi kila kampuni ina mpangilio wake, usizikariri, soma ugumu). Chukua aina mbili tu: sponji ya ugumu wa kati angalau 4, na sponji laini ya kumalizia 2. Ukipata hela nyingine ongeza zile za kati kwanza.

Kwa nini nne? Pedi inapofanya kazi inakusanya dawa iliyokauka na vumbi la rangi yenyewe, na inapata joto. Ukimaliza mlango mmoja igeuze uiangalie, katikati utakuta imelowa na pembeni kumeanza kuganda kama uji uliokauka kwenye sufuria, ukiibonyeza kwa kidole inachelewa kurudi. Pedi ya hivyo haikati tena, inasugua tu, inapandisha joto, inatupa vumbi, na hapo ndo mtu anasema dawa mbovu anaenda kununua chupa nyingine. Dawa haina shida! Isafishe pedi kila ukimaliza sehemu kwa brashi ngumu ya nailoni, au hewa ya kompresa kama uko gereji, na baada ya panelo moja au mbili (mlango, boneti, kipande kimoja cha bodi) weka pembeni chukua nyingine. Gari zima la ukubwa wa IST pedi nne zinakutosha ukizizungusha hivyo, Noah utataka zaidi. Jioni zioshe kwa sabuni ya maji, kamua, zikaushe kivulini. Juani hapana, gundi ya velkro inaachia.

Taulo nazo watu wanazidharau sana. Unaweza kutoa mikwaruzo masaa manne halafu ukairudisha kwa kitambaa cha tisheti. Nunua za maikrofaiba zenye manyoya, uzito wa gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba, kata lebo, na usizichanganye na zile za kufutia rimu. Kuanzia dazeni moja hivi siyo nyingi. Ikidondoka chini hiyo imetoka kazini mpaka ifuliwe, usiikung'ute tu ukaendelea, mchanga wetu huu wa mawe hausamehe.

Kuhusu dawa yenyewe, ile kompaundi nzito ya mafundi rangi imetengenezwa kwa ajili ya kufuta alama za msasa wa 1500 na 2000 kwa rotari na pedi ya manyoya. Kwa DA na mtu anayeanza utapata ukungu ambao hujui umetoka wapi. Tafuta polishi ya kati, ya hatua moja, isiyo na silikoni wala vijazio, maana vijazio vinaficha mikwaruzo na mvua mbili tatu inarudi yote, mteja naye anarudi. Matone manne kwenye pedi, eneo la nusu mita kwa nusu mita, sambaza kwa spidi ndogo ndipo upandishe, mkono uende polepole. Kujua kama umetoa au umefunika, changanya alkoholi ya isopropaili ya asilimia 70 sehemu moja na maji safi sehemu mbili, pulizia, futa, mulika na tochi ya LED kwa pembeni. Hiyo tochi na hiyo chupa ya alkoholi ni bei ndogo sana ukilinganisha na hasara zinazokuepusha nayo.

Ongeza maskin tepu pia, ile tepu ya karatasi ya kuziba sehemu usizotaka dawa iguse, hasa kwa Probox na zile gari zenye plastiki nyeusi nyingi, polishi ikikaukia pale inabaki nyeupe na kuitoa ni kazi.

Halafu jua unagusa nini. Klia ya kiwandani, lile tabaka la juu lisilo na rangi, mara nyingi ni maikroni 35 mpaka 50, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo, na kila ukipiga polishi unapunguza kitu ambacho hakirudi. Toyota nyingi za zamani nyeupe namba ya rangi 040 na nyeusi 202 hazina klia kabisa, pedi itabadilika rangi na ni kawaida, usiogope. Lakini kwenye metaliki, rangi yenye chembe za kung'aa, pedi ikianza kuchukua rangi ya gari, zima mashine hapo hapo, klia imeisha. Na paa lililoanza kubanduka magamba kwa jua, hilo hakuna pedi wala dawa, mwambie mwenye gari ukweli kwamba ni la kupigwa rangi upya.

Kwa huku kwetu ziwani fanya kazi asubuhi, chini ya turubai, bodi iwe ya baridi ukiigusa kwa kiganja. Ikifika saa sita boneti nyeusi iliyokaa juani polishi inakauka kabla hujamaliza kuisambaza. Usiku chini ya taa ukiwa karibu na maji wale wadudu wa ziwani wanakujia wote na wanaganda kwenye polishi mbichi, usijaribu.

Kitu cha mwisho cha kununua, na hiki wengi hawakiweki kwenye bajeti, ni boneti ya skrepa ya rangi nyeusi. Chora mstari katikati kwa tepu, piga upande mmoja na pedi safi na mwingine na pedi iliyoganda, dawa ile ile, spidi ile ile, toa tepu umulike uone tofauti.