Maji ya Ziwa Tanganyika kwenye tangi la kioo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu wa Kigoma akitaka kufuga samaki wa mapambo sebuleni, kila kitu kiko karibu. Ziwa lile pale, maji ni ya kuchota tu, na samaki wenye mistari wamejaa kwenye miamba. Wiki haijaisha wanaelea tumbo juu, na lawama anabebeshwa aliyewauza. Mara nyingi yeye hahusiki: samaki wameuawa na taka zao wenyewe.

“Maji yanang’aa, kwa hiyo ni salama.”
Amonia, sumu iliyomo kwenye taka hizo, haina rangi. Samaki huitoa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Macho hayaioni, kinachoiona ni kipimo.

“Samaki wa ziwa hili wako kwenye maji yao, hawawezi kudhurika.”
Dhana hii, kwa maoni yangu, ndiyo inayoua zaidi. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi wa maji, ambapo 7 ni katikati na juu yake ni ualkali) inayokaribia 9. Ndani ya maji amonia hukaa kwa sura mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Mgawanyo huo huamuliwa zaidi na pH. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 9, inapita theluthi moja. Kwa hiyo uchafu ambao tangi la mtu mwingine lingeuvumilia, hapa unaua. Ziwani kwenyewe, penye kina cha hadi mita 1,470, taka hizo hupotea. Ndani ya lita 80 hazina pa kwenda.

“Nimechota maji ya ziwa, bakteria wamo tayari.”
Wamo wachache. Wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na sumu kali, hushikamana na mawe, mchanga na sponji ya chujio. Kundi la pili, hasa Nitrospira, huchelewa. Ndiyo maana amonia ikishuka nitriti hupanda, na samaki huhema juu juu ingawa pampu inatoa mapovu: nitriti huizuia damu kubeba oksijeni. Wape bakteria wiki 4 hadi 6, ukitupia chakula kidogo kiozee humo kabla ya kuweka samaki. Mwenye haraka aombe kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima.

“Sponji ioshwe kwa sabuni mpaka itakate.”
Huo utelezi wa kahawia ndio bakteria wenyewe! Ikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi. Klorini ya bomba nayo huwaua. Nitrati inayobaki huondolewa kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki.

“Samaki waliosafirishwa wazoeshwe taratibu, mfuko ukiwa wazi, kwa saa kadhaa.”
Samaki wakitumwa Tabora kwa treni, hewa ya ukaa wanayoitoa hushusha pH ndani ya mfuko, na amonia hubaki kuwa amoniamu. Ukifungua mfuko na kuongeza maji ya pH ya juu kidogo kidogo, amoniamu hiyo hurudi kuwa sumu wangali humo. Linganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, fungua, kisha wahamishe mara moja kwa wavu. Maji ya mfuko mwaga nje.