Aliyepumzisha nyavu hana taa

Mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, ukianza kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi utajibiwa kabla hujamaliza: "Mwamba ngoma huvutia kwake." Yaani kila mtu na tumbo lake. Nitaifikia methali hiyo, ila kuna mengine yanayosemwa hapa, ya kuondoa njiani kwanza.

"Maji yamefika milangoni, hilo joto liko wapi?"
Kujaa kwa ziwa ni habari ya mvua: maji huingia kwa mito mingi na kutoka kwa mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Joto lina kazi nyingine. Maji ya juu yakipata moto huwa mepesi na kukaa juu, kama mafuta kwenye mchuzi. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba nyingi imelala chini. Pepo za kusini za kiangazi ndizo huikoroga ikapanda, vijimea vidogo vya majini vikastawi, dagaa wakapata chakula. Joto likizidi, mkorogo hupungua. Wanasayansi walilieleza hili tangu 2003.

"Hili ni deni la Wazungu."
Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Ila udongo unaoporomoka kutoka vilima tulivyokata mkaa, ukafunika mazalia ya samaki, haukutoka Ulaya.

"Nikiacha mimi, atavua mwingine."
Hapa ndipo penye methali yetu. Ziwa ni la nchi nne na dagaa hawana pasipoti, kwa hiyo hofu hii si ya kijinga. Lakini hofu si uchoyo. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti. Manung'uniko yalikuwepo, tena ya haki, maana miezi mitatu bila kipato si mchezo. Hata hivyo swali nililolisikia zaidi lilikuwa: "Na wa ng'ambo, wamefunga?" Mchoyo haulizi hivyo. Anayeuliza hivyo yuko tayari kuacha, mradi asiachwe peke yake.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba wanaotumia mali ya pamoja huweza kujiwekea sheria na kuzisimamia wenyewe. Na utafiti uliochapishwa 2024, uliohoji karibu watu 130,000 katika nchi 125, ulikuta asilimia 69 wako tayari kutoa asilimia moja ya kipato chao cha mwezi kupambana na ongezeko la joto. Walipotakiwa kukisia ni wenzao wangapi wangekubali, wastani ukawa asilimia 43.

Sishangai. Usiku wa giza, ukisimama ufukweni unaziona taa za wanaovua, zimetanda kama mji. Aliyepumzisha nyavu hana taa.