Bakteria wa tumboni wana B12 yao, sisi tuna yetu

Swali linalotufikia mara nyingi kutoka kwa wananchi ni hili: ikiwa vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, na matumbo yetu yamejaa bakteria, inakuwaje mtu apungukiwe nayo? Anayeuliza hajakosea. Hakuna mmea, mnyama wala kuvu anayeweza kuiunda B12. Wanaoiweza ni bakteria na jamaa zao wa mbali waitwao akea, tena kwa hatua za kikemia zinazokaribia 30. B12 iliyomo kwenye maini, dagaa, mayai na maziwa yote ilianzia kwa vijidudu.

Sababu ya kwanza ni mahali. B12 ya chakula hufyonzwa mwishoni kabisa mwa utumbo mwembamba, ikiwa imebebwa na protini maalumu inayotolewa na ukuta wa tumbo. Bakteria wetu walio wengi wanaishi mbele ya hapo, kwenye utumbo mpana, na wanachokiunda huko karibu chote huishia chooni. Ng'ombe ameumbwa vingine: bakteria wake wako kwenye tumbo la kwanza, kwa hiyo B12 yao huteremka pamoja na chakula hadi inapofyonzwa. Anachohitaji ni madini ya kobalti ya kutosha kwenye malisho. Wafugaji wa Nakuru, Kenya, waliwahi kuona mifugo ikidhoofu na kufa ilhali majani yapo, maradhi yakapewa jina la Nakuruitis. Kilichopungua kilikuwa kobalti kwenye udongo wa volkano wa eneo lile, na bila kobalti bakteria wa ng'ombe hawana cha kuundia vitamini.

Sababu ya pili ni umbo, na hapa ndipo penye mambo.

Katikati ya molekuli ya B12 kuna chembe moja ya kobalti, imezungukwa na pete kubwa. Chini ya pete huning'inia kipande kidogo. Miili yetu inakubali vizuri umbo moja tu, lile ambalo kipande hicho ni kemikali iitwayo daimethilibenzimidazoli. Bakteria hawabanwi hivyo. Wapo wanaoweka adenini mahali pake, wengine huweka fenoli au kresoli, na kila umbo linawafaa baadhi yao. Familia nzima ya molekuli hizi huitwa kobamaidi, na B12 ni mmoja tu wa wanafamilia. Watafiti wa Marekani walipopima kinyesi cha watu wasiotumia vidonge vya vitamini, matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa B12 halisi haikufika asilimia 2 ya kobamaidi na malighafi zake zilizokuwemo. Iliyobaki ilikuwa ya maumbo mengine. Kwa hiyo hata utumbo mpana ungekuwa na uwezo wa kufyonza, tungeambulia kidogo sana.

Bakteria wenyewe wanazigombania. Wengi wana vimeng'enya visivyofanya kazi bila kobamaidi, lakini wanaoweza kuiunda tangu mwanzo ni wachache, hivyo walio wengi huokota iliyotengenezwa na majirani. Mmoja wa wakazi wa kawaida wa utumbo wetu, Bacteroides thetaiotaomicron, ana milango mitatu tofauti ya kuingizia kobamaidi, na kila mlango una umbo unaolipendelea. Kwenye majaribio ndani ya panya, bakteria aliyenyimwa mlango unaofaa alishindwa na wenzake. Nje ya ukuta wake ana protini nyingine inayoing'ang'ania B12 kwa nguvu kiasi kwamba, kwenye majaribio ya maabara, iliinyang'anya kutoka kwa ile protini ya binadamu inayoibeba. Akkermansia muciniphila, anayeishi kwenye ute wa utumbo, hawezi kuunda pete, lakini akiipata B12 hukata kipande cha chini na kuweka adenini. Escherichia coli ana akiba nyingine: asipopata B12 hutumia kimeng'enya mbadala kisichoihitaji, kazi ikaendelea.

Ushindani huo hutugusa moja kwa moja pale bakteria wanapozaliana kupita kiasi ndani ya utumbo mwembamba, kwa mfano baada ya upasuaji wa tumbo. Wanaichukua B12 kabla haijafika inapofyonzwa, na mgonjwa hupungukiwa hata kama anakula nyama kila siku.

Sasa kuhusu unga wa spirulina, kwa sababu unauzwa sana kama dawa ya kuongeza damu. Spirulina ni jamii ileile ya vijidudu wa kijani-bluu wanaoliwa na heroe kwenye maziwa ya magadi kama Nakuru na Bogoria. Ina protini nyingi, hilo ni kweli. Ila sehemu kubwa ya kile kinachoandikwa kuwa B12 ni umbo lenye adenini, ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Takwimu za kuvutia zilitokana na kipimo cha zamani kinachotumia bakteria wa jamii ya Lactobacillus. Bakteria hao hustawi kwa umbo hilo vilevile, basi kipimo kikalihesabu kuwa vitamini. Inanisikitisha kuona mama asiyekula chochote kitokanacho na wanyama akitegemea unga huo wakati wa ujauzito. Anayehitaji kidonge asome kibandiko: jina linalotakiwa ni sayanokobalamini au methilikobalamini.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huja polepole. Huanza na uchovu, ulimi kuuma, ganzi nyayoni na vidoleni, kusahausahau. Asidi ya foliki, vitamini nyingine ya kuongeza damu, ikitumiwa peke yake inaweza kuirekebisha damu iliyopungua huku neva zikiendelea kuharibika. Anayetumia metformin kwa kisukari miaka mingi, anayekunywa omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, muda mrefu, mzee ambaye tumbo lake halitoi tindikali ya kutosha, na asiyekula kabisa vyakula vya wanyama, wote waombe kupimwa. Kiwango cha B12 kwenye damu kikiwa cha mashaka, daktari anaweza kuagiza kipimo cha asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda pale seli zinapokosa B12 ya kutumia.