Maegesho bure hayatairudisha Uhindini

Kaa barazani na wenye maduka wa katikati ya Mbeya, iwe Uhindini au kule Soko Matola, na hutamaliza kikombe cha chai kabla ya kusikia habari ya maegesho. Mteja akizima gari tu, ada inaanza kuhesabiwa, ndiyo maana anaishia Mwanjelwa, kule sokoni bondeni. Yakiwa bure, mji utarudi kama zamani. Kwa kuwa kazi yangu ni mipango miji, na hasa usafiri, naulizwa jambo hili kwenye vikao, misibani, hata kanisani. Nimeona niliandike.

Jibu langu ni kwamba hayatafufua kitu, na kwenye mitaa miwili mitatu yataongeza ugonjwa.

Tuanze na Mwanjelwa yenyewe, kwa sababu ndiko tunakoambiwa wateja wamekimbilia. Nani amewahi kwenda Mwanjelwa Jumamosi akapata pa kuegesha kwa raha? Unazunguka, unapigiwa honi na Hiace, bajaji inakukata mbele, mwisho unaacha gari mbali na kutembea. Hata hivyo watu wamejaa. Kama nafasi ya gari ndiyo ingekuwa siri ya biashara, Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati zingekuwa zimekufa siku nyingi.

Biashara ilishuka bondeni kutoka juu, yaani Uhindini, kwa sababu nyingine. Mji huu ulianza mwaka 1927, enzi za machimbo ya dhahabu ya Lupa, na ulipangwa chini ya mlima Loleza kwa ajili ya ofisi za serikali na maduka ya Wahindi, ndiyo asili ya jina Uhindini. Miaka ya 1970 ikaja barabara ya lami ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA, zote zikapita bondeni. Tangu hapo kila anayeingia Mbeya anaingilia chini. Watu nao wameongezeka: sensa ya 2012 ilikuta jiji lina wakazi wapatao 385,000, ya 2022 ikakuta zaidi ya 540,000, na sehemu kubwa ya nyumba mpya imefuata barabara kuu kuelekea Uyole upande mmoja na Mbalizi upande wa pili. Mama anayetoka Tukuyu na mikungu yake ya ndizi anashukia bondeni, anauzia bondeni, na hela aliyoipata anaitumia hapo hapo kununulia sukari, mafuta na sare za watoto. Apande Uhindini kufuata nini?

Kule juu zimebaki benki, mahakama na ofisi. Ni mji wa watu wanaoingia saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni.

Na hao ndio wanaokalia maegesho. Pita saa mbili na nusu asubuhi, kabla maduka mengi hayajapanga bidhaa nje, uangalie magari yaliyokwisha kuegeshwa. Mengi ni ya waajiriwa wa ofisi za jirani. Mengine, na hapa najua nitanuniwa, ni ya wenye maduka wenyewe. Mtu anafungua fremu yake, anaegesha gari mlangoni ili alione, na linakaa hapo mpaka afunge jioni. Kisha analalamika kwamba mteja hana pa kusimama.

Chukua mtaa wenye nafasi 40 za magari, na siku ya biashara yenye saa 10. Kila nafasi ikikaliwa na gari moja kutwa, mtaa umehudumia magari 40. Gari likikaa saa moja na kuondoka, nafasi zile zile zinahudumia magari 400, bila kumwaga ndoo moja ya zege. Ada iliyopangwa vizuri kazi yake ni hiyo, kumfanya anayekaa kutwa aende akaegeshe mbali kidogo ili mwenye haja ya dakika ishirini apate mlango. Ukiiondoa, anayewahi asubuhi ndiye anayeshinda, na mteja hawahi asubuhi.

Watu wengi hudhani mita ya maegesho, kile kijisanduku cha kulipia kando ya barabara, ilibuniwa na serikali yenye njaa ya mapato. Ya kwanza ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa senti 5 kwa saa, na aliyeisukuma, Carl Magee, alikuwa upande wa wafanyabiashara: aliongoza kamati ya barabara ya chama chao. Kero yao ilikuwa hii hii ya Uhindini. Wafanyakazi wa katikati ya mji walikuwa wakijaza barabara tangu asubuhi, wanunuzi wakikosa pa kusimama. Mita ziliwekwa upande mmoja wa barabara, na muda si mrefu wenye maduka wa upande wa pili wakazitaka nao. Kwa hiyo mwenye duka anayepigania maegesho ya bure anapigania kurudi kwenye tatizo ambalo wenzake walikuwa wanalikimbia.

Hoja ya maegesho ya bure si ya Mbeya peke yake. Ilitolewa Uingereza pia, na kule ina mantiki. Mwaka 2011 Mary Portas, aliyeombwa na serikali ya huko kutazama mitaa ya maduka inayokufa, alipendekeza miji ijaribu maegesho ya bure yenye udhibiti. Miji ile ilikuwa inanyang'anywa wateja na maduka makubwa ya nje ya mji, yenye viwanja vikubwa vya kuegesha bila malipo, na mteja wa kule kwa kawaida ana gari. Angalia pia lile neno udhibiti, ambalo kwetu halifiki barazani. Sisi mshindani wetu ni barabara kuu yenye daladala na bajaji.

Halafu hata huko Uingereza wenye maduka huwa wanajidanganya kuhusu wateja wao. Kuna uchunguzi ulifanyika kwenye mtaa wa maduka mjini Bristol. Wenye maduka walikadiria kwamba asilimia 41 ya wateja huja kwa gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, waliokuja kwa gari walikuwa asilimia 22. Naelewa kwa nini inakuwa hivyo. Mteja mwenye gari anaonekana, analalamika kwa sauti, na mara nyingi anafahamiana na mwenye duka. Aliyeshuka kwenye bajaji na mfuko wake anaingia, analipa, anatoka, hakuna anayemkumbuka. Ikiwa hali ni hiyo Bristol, kwa Mbeya sioni namna asilimia yetu isiwe ndogo zaidi. Simama nje ya duka lolote la vitenge au la dawa, uhesabu waliofika kwa miguu, kwa bodaboda, kwa bajaji na kwa Hiace.

Kuna jambo moja ambalo wenye maduka wana haki nalo kabisa, nalo ni jinsi ada inavyotozwa. Mtu amesimama dakika tano kuchukua dawa, anahesabiwa saa nzima. Mwingine namba ya gari yake imepigwa picha akiwa ndani ya duka, hakuona karatasi wala hakupata ujumbe, na baadaye anakuta deni limezaa faini. Mtu wa hivyo hachukii kulipa, anachukia kuviziwa. Kwa hili nakubali mabadiliko leo leo: dakika 30 za kwanza ziwe bure, na mtozaji amwambie dereva uso kwa uso saa yake imeanza lini. Nusu saa inamtosha anayekwenda kwa wakala wa fedha, duka la dawa au kununua mkate, na haimsaidii hata kidogo anayetaka kukaa kutwa. Bei ya saa ya tatu na kuendelea ningeipandisha. Ndiyo, ningeipandisha.

Sasa pesa. Tangu TARURA, wakala wa taifa wa barabara za vijijini na mijini, ianze mwaka 2017, barabara za mitaa ziko mikononi mwake, na ada za maegesho ya barabarani zikawa miongoni mwa mapato yake. Usafi, masoko na leseni ni kazi ya Halmashauri ya Jiji. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala mwingine wa taifa. Kwa hiyo mwenye duka anaona mtozaji kila siku, lakini hamwoni anayekuja kufunika mtaro uliopoteza kifuniko mbele ya mlango wake. Kwa macho yake ada ile ni hela inayopanda basi na kuondoka Mbeya.

Pasadena, kule California, walilipita jambo hili mwaka 1993. Wafanyabiashara wa mtaa wa zamani walikuwa wakikataa mita, mpaka jiji lilipowaahidi kwamba mapato yatatumika pale pale mtaani: kwenye njia za miguu, taa, miti, usafi. Wakakubali, na mtaa uliokuwa umechakaa ukapata nafuu kubwa. Sisemi mita peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, kulikuwa na mengi yakiendelea. Ila mwenye duka aliyeona tofali likiwekwa mbele ya duka lake hakuuliza tena ada ni ya nini. Hapa kwetu sheria na mgawanyo wa taasisi vinalifanya kuwa gumu zaidi, lakini makubaliano ya kurudisha sehemu fulani ya makusanyo ya mtaa mtaani humo si muujiza. Ningeanza na mitaro. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua ikikolea, mama mwenye mtoto mgongoni haruki mtaro kwenda kutazama viatu. Baada ya mitaro ni choo cha umma kisicho cha aibu, kisha taa, maana giza likiingia Uhindini inafungwa kama ofisi.

Jambo ambalo mimi ningelipigania kuliko maegesho ni kupakia na kushusha mzigo, na silisikii kwenye vikao. Maduka ya jumla ya juu bado yana wateja wa maana, watu wa Chunya, wa Kyela, wa vijijini Rungwe, ambao hawaji kununua kiberiti. Wanakuja kununua mzigo. Kirikuu inafika saa nne, hakuna pa kusimama kwa kuwa magari ya ofisini yamejaa, inasimama katikati ya barabara, trafiki anafika, dereva anafukuzwa, vijana wa kubeba wanavuka na katoni kichwani. Mteja wa namna hiyo akisumbuliwa mara mbili, safari ya tatu anamwambia dereva aishie Kabwe. Kila mtaa wa jumla utengewe nafasi mbili tatu za kupakia, zichorwe rangi, na fuso za kushusha zimalize kabla ya saa tatu asubuhi. Gharama yake ni ndoo za rangi na mtu wa kusimamia.

Na bajaji nazo zipewe mahali. Sasa hivi zinafukuzwa huku na kule kana kwamba ni kero, wakati ndizo zinazoleta wanunuzi. Katika nafasi moja ya gari, yenye mita 2.5 kwa 5, zinaingia mbili bila kubanana, na kila moja inashusha watu na kuondoka.

Wenzetu wa Iringa wamelionja hili kwa njia nyingine. Mabasi ya mikoani yalipoondolewa stendi ya katikati ya mji na kupelekwa Igumbilo, maegesho ya magari madogo pale juu hayakuguswa. Waliohama ni abiria, na abiria ndiye aliyekuwa akinunua chai, vocha na zawadi za kupeleka nyumbani. Ukitaka kujua duka linaishi kwa nini, fuata miguu.

Juu ya yote kuna fremu zilizofungwa, na hapo ada ya maegesho inatajwa kwa sababu ni rahisi kuitaja. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka kwa mkupuo, anayeachia fremu anataka kilemba, yaani hela ya kuiachia, dalali anataka chake. Kijana mwenye mtaji mdogo anapiga hesabu na kwenda kuanzia mezani Mwanjelwa. Madiwani hawawezi kumpangia mwenye nyumba bei, najua, lakini wanaweza kukaa naye na kumwonyesha kwamba fremu iliyofungwa miaka miwili haimwingizii chochote. Kodi ya miezi mitatu mitatu ingefungua milango mingi kuliko tangazo lolote la maegesho bure.

Upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, utabadilisha hesabu za bondeni. Kusimama ovyo pembeni kutakuwa kugumu, kuvuka pia. Baadhi ya wanunuzi watatafuta mahali tulivu zaidi, na hiyo ni nafasi kwa Uhindini ikiwa itakuwa tayari.

Kwa wanaoona nimewaonea, napendekeza tupime. Tuchague mtaa mmoja. Kwa wiki mbili tuandike namba za magari kila nusu saa ili tujue lipi linakaa muda gani, na kila mnunuzi anayetoka dukani aulizwe swali moja tu: umefikaje hapa? Kisha tuweke dakika 30 za bure na nafasi za mzigo, tuhesabu tena. Nikikuta zaidi ya nusu ya wanunuzi wamekuja na gari lao wenyewe, nitakuwa wa kwanza kwenda kwa madiwani kuomba ada ifutwe mtaa mzima.