Bango husomwa na mtu anayetembea

Mama mmoja alisimama mbele ya bango langu pale kituo cha daladala, akalitazama juu hadi chini, kisha akanigeukia: "Mwanangu, hivi hii ni bure au mtu analipia?" Neno BURE lilikuwemo humo mara mbili. "Ni bure, mama," nikamjibu. Nikarudi ofisini kulitengeneza upya.

Lilikuwa bango la siku ya kupima presha kwenye zahanati moja huku Temeke. Mteja alinipa nembo tano, picha ya mgeni rasmi, aya mbili kuhusu shinikizo la damu na namba nne za simu. Nikavigawia vyote nafasi sawa, na kosa lilikuwa hapo. Vitu vikilingana ukubwa, jicho halijui lianzie wapi, na mtu anayewahi gari hawezi kusimama akilitafutia pa kuanzia.

Siku hizi sifungui kompyuta kabla sijaandika kwenye karatasi: mpita njia akiondoka na kitu kimoja tu, kiwe kipi? Kwa bango lile kilikuwa PIMA PRESHA BURE. Baada yake siku na mahali. Mengine yanafuata nyuma, au yanatoka kabisa.

Kisha napiga hesabu. Mafundi wa mabango wana kipimo cha kuanzia: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha kama sentimita 2.5. Pale kituoni watu husimama ng'ambo ya barabara, kama mita 9 hivi, kwa hiyo nilihitaji herufi za sentimita 7.5. Karatasi ya A2 ina upana wa sentimita 42 na urefu wa 59.4. PIMA PRESHA kwa mstari mmoja mnene haiingii. Nikayashusha maneno matatu kwa mistari mitatu, na pamoja na nafasi za katikati yakala karibu nusu ya karatasi. Mteja alishtuka. Nikamwomba asimame mwisho wa korido, nikambandikia ukutani bango la zamani na jipya. Akasoma jipya kwa sauti, na zile aya mbili akaziondoa mwenyewe.

Kuondoa ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin kulikuwa na shindano la bango la viberiti vya Priester. Inasimuliwa kwamba kijana Lucian Bernhard alianza kwa kuchora meza, kisahani cha majivu, sigara, hata wasichana wanaocheza, kisha akafuta kimoja baada ya kingine hadi vikabaki vijiti viwili vya kiberiti na neno Priester. Alishinda, na bango lile linafundishwa mpaka leo.

Lakini sisi hatuna haja ya kwenda Berlin kujifunza nafasi tupu. Itazame kanga. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limekaa peke yake ndani ya kisanduku chake. Hakuna ua linaloruhusiwa kuingia humo. Ndiyo maana unaweza kulisoma jina hilo kwa mwanamke anayetembea mbele yako. Kichwa cha bango nacho kipewe kisanduku cha namna hiyo, hata kama mistari yake haionekani.

Kuhusu rangi, ninachoangalia kwanza ni weusi na weupe. Piga picha kazi yako kwa simu, iondoe rangi: maneno yakizama kwenye mandhari, hayatasomeka hata yakipakwa rangi gani. Nyekundu juu ya kijani huzama hivyo mara nyingi, na wapo wasiozitofautisha kabisa. Tena jua letu ni kali. Wino wa njano na wa waridi huwahi kupauka, ndiyo maana mabango ya zamani yamebaki samawati tupu. Ujumbe mkuu mimi huuweka kwa nyeusi.

Fonti mbili zinatosha. Maneno yaanzie kwenye mstari mmoja wa kushoto. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha mchapaji kinachokata kingo. Na nembo, tafadhali, mwombe mteja faili halisi. Ile iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshaminywa, na kwenye A2 itatoka na ukungu.

Bango la pili nililibandika palepale, nikasimama pembeni. Hakuna aliyeuliza kama ni bure. Kijana mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo, akasoma, akaniuliza: "Kaka, wanaanza saa ngapi?" Saa 2 asubuhi ilikuwa chini kabisa, karibu na nembo. Jioni ile nikaipandisha, ikakaa pamoja na Jumamosi.